Kila kitu naambiwa ni umri

Shikamoo Mama Mkunga,

Mimi ni mama wa miaka 47, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma mjini. Nauza karanga, ufuta na ubuyu sokoni Majengo, kazi niliyoianza mwanangu wa kwanza akiwa bado ananyonya. Nina watoto wanne. Wa mwisho ni binti wa miaka 13, na yeye yumo katika barua hii. Mama yangu mzazi naye yupo hapa nyumbani. Nilimchukua kijijini, upande wa Bahi, baada ya kujikwaa kizingitini mwezi wa sita akavunjika mkono. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja tupo wanawake watatu na kila mmoja ana lake.

Nianze na langu. Tangu mwaka jana napatwa na joto. Naweza kuwa nimekaa kibandani napima karanga, mara nasikia moto unapanda kifuani, unaingia shingoni, uso mzima unawaka na jasho linatiririka mpaka mteja ananiuliza kama naumwa. Linakaa dakika chache, linaondoka, nabaki na baridi. Usiku ndiyo balaa zaidi, nalowesha shuka. Mume wangu amehamia chumba cha wavulana, anasema hawezi kulala na mtu anayejifunua kila saa. Sijui kama ni hilo tu au kuna lingine, maana hata hamu sina siku hizi, na tukikutana naumia.

Siku zangu nazo zimevurugika. Zilikuwa zinaruka mwezi, mara miezi miwili, nikajua ndiyo naelekea kukoma. Lakini tangu mwezi wa tano zikija haziondoki. Siku tisa, siku kumi. Damu nyingi, na mabonge. Sketi za rangi nyepesi nimeziweka kando. Nikipanda daladala natandika kitenge kwenye kiti kabla sijakaa. Nabadili pedi, nahudumia wateja wawili watatu, nasikia imeshajaa tena. Nilikwenda kituo kimoja cha afya. Sikupimwa chochote, niliambiwa, "Mama, huo ni umri tu, vumilia utapita."

Jirani yangu wa sokoni akanionea huruma, akanipeleka kwa mama mmoja anayeuza dawa ya kusafisha kizazi. Kuna unga wa kahawia wa kuchemsha, na vingine vimefungwa kwenye kitambaa, vya kuweka ukeni. Akanieleza kwamba damu hiyo ni uchafu wa miaka mingi, wa uzazi na wa vijiti vya uzazi wa mpango, na lazima utoke wote. Akasema damu ikizidi nisiogope, ni dawa inafanya kazi. Dozi ya wiki mbili ni shilingi 45,000. Nimemaliza ya kwanza na damu imezidi kweli. Anasema ya pili ndiyo itamalizia. Je, ninunue?

Halafu nimerudia kula udongo, ule wa pemba, kama nilivyokuwa nakula nikiwa na mimba. Nikiuona tu umepangwa dukani mate yananijaa. Mimba sidhani, kwa umri huu.

Sasa binti. Alivunja ungo mwezi wa tatu. Wiki mbili hizi analalamika anawashwa, na akikojoa anachomwa. Nimekuwa nampa maji ya chumvi ajisafishe. Bibi yake alipomsikia akaniita pembeni akasema hiyo ni lawalawa, na lawalawa haina dawa ya hospitali. Mtoto apelekwe kijijini likizo ya Desemba kwa bibi mmoja anayeijua kazi. Mama yangu anampenda mjukuu wake, sina shaka na hilo. Anasema hata mimi nilipona kwa njia hiyo hiyo. Ni kweli nilikeketwa nikiwa mdogo, ila sikumbuki kama nilikuwa naumwa. Mama Mkunga, lawalawa ipo au haipo? Na mama yangu mzazi nimwambieje?

Naomba unielekeze na vitu vya asili vya kutusaidia, maana mimi si mtu wa vidonge.

Mama wa Nkuhungu

Nimesahau hili. Juzi nafua kanga za mama nikaona doa la damu. Kumuuliza, akasema ni matone tu, yanakuja na kuondoka tangu Pasaka, nisimwambie mtu. Ana miaka 71. Au na hilo ni umri?

JIBU

Marahaba mwanangu, mbukwa.

Usinunue dozi ya pili. Nimelitanguliza hili kwa sababu huenda kesho utampita yule mama sokoni na fedha unazo. Na vile vya kuweka ukeni viache leo. Kama kuna kilichobaki ndani usikivute mwenyewe, nenda kitolewe kliniki. Pakiti ya ule unga usiitupe, mpelekee daktari aione.

Kizazi hakihifadhi uchafu. Kila mwezi homoni zinajenga utando ndani ya mji wa mimba, unasubiri mimba. Mimba isipoingia, utando unabomoka, unatoka na damu, unaanza kujengwa mwingine. Hakuna kona unapojificha miaka ishirini. Kijiti cha uzazi wa mpango kikishatolewa mkononi hakiachi masalia tumboni. Uke nao unajisafisha. Una bakteria wake wazuri wanaotengeneza asidi ya kuzuia maradhi, na ukiweka shabu, majani, unga au kitambaa chenye dawa unawaua hao walinzi na kuichubua ngozi laini. Baada ya hapo fangasi na maambukizi mengine, hata VVU, yanapata njia rahisi. Mimi hizi dawa zimenisumbua miaka 31 niliyofanya kazi wodi za wanawake, na kilichonisumbua zaidi ni hayo maneno uliyoambiwa, kwamba ukizidi kuumwa ndiyo inafanya kazi. Mgonjwa akishaamini hivyo, anakaa nyumbani mpaka anaishiwa nguvu.

Sina ugomvi na tiba asili. Nchi yetu ina sheria yake ya tangu 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Mganga wa kweli atakuonyesha usajili wake, atakutajia mti uliomo, na akiona damu inatoka hivyo atakwambia nenda hospitali kwanza. Wewe hukutajiwa hata jina la mti.

Sasa joto lako. Hilo, mwanangu, ndilo kweli la umri. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na miaka kadhaa kabla ya hapo vifuko vya mayai vinaanza kufanya kazi kwa kusuasua. Homoni ya estrojeni inapanda na kushuka bila mpangilio, na ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inachanganyikiwa. Inadhani umepata joto kali, inafungua mishipa ya ngozini na kutoa jasho, kisha unabaki na baridi kama ulivyoeleza. Halikuui, lakini linachosha, na wengine huwa nalo miaka mingi, kwa hiyo usiambiwe uvumilie tu. Lala na kanga nyepesi ya pamba badala ya blanketi moja zito. Upepo wa usiku wa Dodoma tumepewa bure, weka neti dirishani ulifungue. Weka kikombe cha maji karibu na kitanda. Angalia kama chai ya moto sana, pilipili au pombe inakuchochea, wengi inawachochea. Tembea asubuhi kabla jua halijawa kali. Joto likikushinda, zipo dawa za hospitali, zikiwemo za homoni, ila hizo hatuzigusi kabla hatujajua damu yako inatoka wapi.

Na hapo ndipo nataka unisikilize sana. Joto na damu vimekuja pamoja, watu wakavifunga kwenye furushi moja na kuliita umri. Pedi inayojaa ndani ya saa moja au mbili, mabonge, na kutokwa damu zaidi ya siku saba, hayo yanapimwa. Inawezekana kabisa mwisho wa vipimo daktari akasema ni homoni: yai lisipopevuka, ile homoni nyingine ya kuusawazisha utando haitengenezwi, utando unakuwa mnene, na ukibomoka unamwagika sana. Lakini hilo ni jibu la mwisho, baada ya kuangalia mengine na kuyaondoa. Aliyekupa jibu hilo bila hata kukuangalia viganja hakukutendea haki. Mengine ni uvimbe wa kizazi, yaani mayoma, ambao ni wa kawaida sana kwetu. Kuna vijinyama ndani ya kizazi. Kuna tezi ya shingo kufanya kazi vibaya. Kuna mimba inayoharibika, na usiseme huna umri, kwani mpaka upitishe miezi 12 mfululizo bila hedhi mimba inaweza kuingia. Na kuna saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ya mji wa mimba.

Habari ya udongo umeiandika kama jambo la pembeni. Mimi niliisoma mara tatu. Mwanamke anayetokwa damu miezi kadhaa kisha akaanza kutamani udongo, mara nyingi mwili wake umeishiwa madini ya chuma. Simama mlangoni kwenye mwanga, vuta chini kope la jicho lako utazame rangi ya ndani, kisha weka kiganja chako kando ya cha binti yako. Kama chako kimepauka, na ukipanda ngazi moyo unakwenda mbio, damu imeshuka. Udongo hautairudisha. Unazuia chuma kufyonzwa, unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na udongo mwingine una madini ya risasi ambayo ni sumu.

Nilimpokea mama mmoja usiku, ameletwa kwenye bodaboda katikati ya watoto wake wawili wakubwa, mmoja mbele na mmoja nyuma, wamemfunga na khanga asidondoke. Wingi wa damu ulikuwa 4. Kwa mwanamke asiye na mimba inatakiwa iwe 12 au zaidi. Kwa nusu mwaka alikuwa anaambiwa ni umri. Alikuwa na uvimbe, ulitolewa, akapona. Lakini mpaka leo nakumbuka midomo yake, ilikuwa na rangi moja na uso.

Kwa hiyo Jumatatu kibanda kifungwe. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au Benjamin Mkapa kule UDOM kama una rufaa au bima inakuruhusu. Usiombe dawa ya kukata damu tu. Sema hivi: natokwa damu siku tisa mpaka kumi, pedi inajaa kwa saa moja, ina mabonge, tangu mwezi wa tano, na ninakula udongo. Taja na zile dawa ulizotumia, usione aibu. Omba wingi wa damu, kipimo cha mimba, altrasaundi ya nyonga, na uchunguzi wa mlango wa kizazi, ule wa kupaka siki. Hauumi, ni dakika chache, na mabadiliko ya mwanzo yakionekana yanaweza kutibiwa kabla hayajawa saratani. Kwa kuwa umepita miaka 45, daktari anaweza kutaka kuchukua kipande kidogo cha utando wa ndani kikapimwe. Kubali. Matibabu yatategemea watakachokiona: vidonge vya kupunguza damu, kitanzi chenye homoni, au upasuaji kama kuna uvimbe wa kuutoa. Na kama kabla ya Jumatatu pedi itajaa kila saa kwa saa mbili mfululizo, au ukaona kizunguzungu, usingoje Jumatatu.

Sasa vya asili, maana umeviomba, na wewe unavyo kwenye kibanda chako mwenyewe. Ufuta na karanga vina chuma, na ufuta una kalisi pia ya mifupa. Unga mweupe wa ubuyu, si ule uliopakwa rangi nyekundu na sukari, una vitamini C ya kutosha, na vitamini C ndiyo inayosaidia chuma cha mimea kuingia mwilini. Kwa hiyo ukila ugali wa uwele au mtama kwa mlenda wa karanga, au majani ya mlonge, shushia na maji ya ubuyu. Chai ya rangi iache saa moja kabla na saa moja baada ya chakula, inakizuia chuma. Maini, dagaa, na kipande cha nyama ukipita mnadani Msalato vinaingia mwilini kwa urahisi zaidi kuliko majani. Tangawizi ya kwenye chai haina neno. Lakini nikwambie ukweli kama ningemwambia binti yangu: kama damu imeshashuka, chakula peke yake hakitairudisha kwa haraka unayoihitaji, na kama bado inatoka ni kujaza ndoo iliyotoboka. Ukipewa vidonge vya chuma, vimeze. Vimeze na maji ya ubuyu, si na chai wala maziwa. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Endelea navyo miezi kama mitatu hata baada ya kujisikia vizuri, kwa sababu ghala la mwili linajaa polepole.

Maumivu na mume: estrojeni ikipungua uke unakuwa mkavu, na mwanamke akishaumia mara mbili hamu inakimbia yenyewe. Kuna vilainishi vya dukani vya maji. Mafuta ya nazi safi pia yanasaidia, ila si pamoja na kondomu, yanaichana. Na kwa kuwa ulikeketwa ukiwa mdogo, huenda kuna kovu linalochangia. Pole sana kwa hilo, mwanangu. Mwonyeshe daktari, usilifiche. Kama umewahi kuona damu baada ya kukutana na mumeo, hiyo pia itaje. Yeye mwambie kwa maneno rahisi kuwa mwili uko njiani kubadilika, unakwenda kupimwa, na ungependa akusindikize. Kuhamia chumba kingine pengine ni kwa sababu hajui.

Binti sasa. Umeuliza kama lawalawa ipo. Kuwashwa kupo, kuchomwa kupo, majimaji yapo, na mtoto wako anaumwa kweli. Lakini hakuna ugonjwa hata mmoja katika hayo unaotibiwa kwa kumkeketa mtoto. Yanayowasha na kuchoma ni maambukizi ya njia ya mkojo, ni fangasi, ni minyoo midogo inayotoka usiku kwenye njia ya haja kubwa, ni sabuni kali ya unga iliyobaki kwenye chupi, ni pedi iliyokaa tangu asubuhi mpaka jioni kwa sababu choo cha shule hakina maji. Hayo maji ya chumvi acha. Anawe nje tu kwa maji safi, ndani hapaguswi. Ajifute kuanzia mbele kwenda nyuma. Abadili pedi kila baada ya saa nne mpaka sita, chupi ziwe za pamba na zianikwe juani, zisifichwe chini ya nguo nyingine. Anywe maji, kwani kwa ukame wetu watoto wanashinda na kikombe kimoja. Na apimwe mkojo wiki hii. Yale majimaji meupe yasiyonuka wala kuwasha, ambayo msichana huyaona baada ya kuvunja ungo, si ugonjwa. Hedhi zake nazo zikiruka ruka miaka miwili ya kwanza usihangaike. Kaa naye peke yenu, umuulize kwa upole kama kuna mtu amemgusa au kumwumiza. Siamini lazima iwe hivyo, ila mkunga asiyeuliza hilo hajamaliza kazi yake. Mkiwa huko ulizia pia chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Ni bure, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni sindano moja tu.

Desemba asiende kijijini. Kwa ukeketaji, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inamhusu kila mwenye dhamana ya mtoto, si ngariba peke yake, na kifungo ni miaka 5 hadi 15. Ina maana wewe, na ina maana mama yako. Ukihisi mpango unaendelea bila wewe, piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Lakini sheria usimwanzie nayo mama yako. Yeye amelibeba jambo hili akiamini ni dawa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilipoanza kulipiga vita jambo hili huku kwetu Dodoma na Singida, ndipo habari ya lawalawa ilipoenea sana, kwamba watoto wanaugua kwa sababu hawajafanyiwa. Mama yako alikuwa msichana mdogo wakati huo. Aliambiwa hivyo na watu aliowaamini, akakufanyia wewe akidhani anakuokoa.

Nenda naye maabara. Akae kwenye benchi na mjukuu wake, aone kichupa cha mkojo kinapelekwa, aone karatasi ya majibu, asikie dawa inavyoelekezwa. Baada ya siku chache mtoto akikojoa bila kulia, mwambie, "Mama, si uliniambia haina dawa ya hospitali? Tazama, mjukuu wako amepona." Mzee anayempenda mjukuu wake hilo litamwingia kuliko mahubiri yangu.

Na kuna sababu nyingine ya kwenda naye. Lile doa la kanga uliloliandika mwisho, baada ya kuweka jina lako, ndilo lililonifanya niharakishe kukujibu. Mwanamke aliyekwisha koma hedhi hatakiwi kutoa damu, hata tone moja, hata mara moja kwa mwezi. Wengi wakipimwa hukutwa ni ngozi ya uke imekuwa nyembamba na kavu, au kijinyama kisicho na madhara. Wengine hukutwa na saratani ya mji wa mimba au ya mlango wa kizazi, na yenyewe huanza hivyo hivyo, kwa matone yasiyouma. Ikikutwa mapema inatibika. Tangu Pasaka ni muda mrefu mno. Anakuomba usimwambie mtu kwa sababu anaona aibu, kwa hiyo mwambie utamtafutia daktari au muuguzi mwanamke, na kwamba utaingia naye ukamshike mkono. Na ule mkono wake uliovunjika usiupuuze. Kujikwaa kizingitini tu kisha mfupa ukavunjika ni dalili kwamba mifupa imelika, kama inavyotokea kwa wengi estrojeni ikishaondoka. Mpe maziwa ya mgando na dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, aote jua la asubuhi, atembee kila siku, na hicho kizingiti kipakwe chokaa akione gizani. Daktari aulizwe kama anahitaji dawa ya mifupa.

Kwa hiyo Jumatatu mnakwenda wote watatu. Chukua maji, chukua pedi za kutosha na kanga ya akiba, mfungie mama uji wa uwele kwenye chupa ya chai maana foleni ni ndefu. Mwombe mumeo au kijana wako mkubwa awasindikize, na kama hayupo, yule jirani yako wa sokoni aliyekuonea huruma ana moyo mzuri, atakuja. Ukipata karatasi ya wingi wa damu niandikie namba, yako na ya mama. Nazisubiri.

Mama Mkunga